Kuufufua mti wa majani ya mchuzi kwenye ardhi ya maweni

Mti wa majani ya mchuzi uliopandwa kwenye udongo wa kinongo wenye kina, kama upande wa Kizimbani na Dole huko Unguja, mara nyingi hujiendea wenyewe. Taabu iko kwa aliyeupanda Jambiani, Makunduchi, Matemwe au Nungwi, na kwa Pemba upande wa Micheweni, penye udongo wa kina cha kiganja tu juu ya mwamba. Mvua huko inanyesha, lakini maji hayakai. Yanapenya kwenye mianya ya jiwe na kupotea, na baada ya siku kumi za jua la kaskazi bustani inakuwa jangwa. Mti unabaki kimo cha goti mwaka hadi mwaka, majani yanageuka manjano, ncha zinaungua, na mwenyewe anaukatia tamaa.

Usiung'oe bado. Mti huu ni mgumu kufa kuliko unavyoonekana, na mara nyingi shida yake kubwa si njaa wala kiu. Chakula kipo udongoni, ila chokaa ya mwamba imekifungia mlango. Ndiyo maana anayeuona umepauka akaukimbilia kwa mbolea na majivu huuzidishia maradhi.

(Tunazungumzia mti ule mdogo wa uwani, wenye asili ya India na Sri Lanka, jamii moja na mdimu na mchungwa, ambao vijani vyake hutiwa kwenye mafuta ya moto kabla ya dengu au mchuzi wa nazi. Usiuchanganye na mvuje wa duka la dawa za asili, ambao ni utomvu wa mmea mwingine kabisa.)

Hakikisha bado uko hai

Kwangua gome kwa ukucha, kipande kidogo tu kama punje ya mchele. Anza kwenye ncha ya tawi, kisha ushuke. Ukikuta kijani kibichi chini ya gome, hapo pana uhai. Ukikuta rangi ya udongo na ukavu, tawi limekufa mpaka hapo, basi endelea kushuka. Hata kama matawi yote yamekufa, kijani kikionekana kwenye shina karibu na udongo, mti unaweza kuchipua upya kutoka chini. Angalia pia maotea yanayotokeza kandokando ya shina. Hayo hutoka kwenye mizizi, na yakiwepo ni dalili kwamba mizizi inafanya kazi.

Mti ulio kwenye ndoo uvute utoke na tonge lake lote la udongo. Mizizi mizima ni migumu na ncha zake ni nyeupe au rangi ya maziwa. Iliyooza ni myeusi, inateleza na inanuka. Ikiwa yote ni hivyo na gome ni kavu mpaka shinani, hapo hakuna cha kufufua. Tafuta otea kwa jirani uanze upya.

Soma majani kabla ya kugusa kitu

Hapa usiharakishe, kwa sababu majani yanatofautisha maradhi vizuri kuliko tunavyodhani. La kuangalia kwanza ni manjano yameanzia wapi.

Majani machanga ya juu yakiwa manjano lakini mishipa yake imebaki ya kijani, kama wavu uliochorwa, mti umekosa madini ya chuma. Hali ikizidi, majani mapya hutoka karibu meupe na madogo. Hili ndilo gonjwa la maweni na ndilo litakuchukulia kazi nyingi.

Yakiwa ni majani ya zamani, ya chini, yamepauka jani zima pamoja na mishipa, upungufu ni wa naitrojeni. Hiyo ni njaa ya kweli na tiba yake ni nyepesi.

Jani likiwa la kijani lakini ncha na kingo zimeungua hudhurungi, ni chumvi. Tazama upande ulioungua. Ukiwa ule unaoelekea baharini tu, chumvi imeletwa na upepo. Kusi linapovuma kwa nguvu, pwani ya mashariki ya Unguja hurushiwa rasharasha ya bahari hadi ndani ya viwanja. Kuungua kukiwa pande zote, chumvi inatoka kwenye maji unayomwagilia.

Majani yakinyauka huku udongo umelowa, mizizi inakosa hewa. Watu wengi wakiona mnyauko huongeza maji, na ndivyo miti mingi ya ndooni inavyouawa.

Mara nyingi utakuta dalili mbili pamoja, chuma na chumvi. Usishangae; vyanzo vyake huishi jirani.

Pima udongo na maji kwa vitu vya jikoni

Chukua udongo mkavu kijiko kimoja kutoka kina cha kiganja, uweke kwenye kisahani, ukamulie ndimu au umiminie siki. Ukitoa povu na kuchemka kwa sauti ndogo, una chokaa. Mti huu hustarehe kwenye udongo wenye pH (kipimo cha uchachu; namba ikipanda, uchachu umepungua) ya 6 hadi 7. Udongo wa maweni uliochanganyika na vumbi la mwamba huweza kupita 8, na hapo chuma hugeuka umbo ambalo mizizi haiwezi kulifyonza. Chuma kinaweza kuwa tele na mti ukafa kwa kukikosa.

Jaribu vivyo hivyo kila kitu unachokusudia kukitia: mchanga, kokoto, hata udongo ulioletewa kwa gari. Mchanga mweupe wa pwani ni vipande vya matumbawe na makombe, kwa hiyo ni chokaa tupu. Kokoto zetu nyingi nazo ni jiwe hilo hilo.

Maji ya kisima yaonje. Kisima cha karibu na pwani kina maji matamu yaliyoelea juu ya maji ya chumvi, na ladha yake huweza kubadilika bahari inapojaa na kupwa, au baada ya kutekwa kwa wingi. Kama ulimi unaihisi chumvi, mti unaihisi zaidi. Kisha koroga sabuni kidogo ndani ya chupa ya maji hayo. Yakikataa kutoa povu, yana chokaa nyingi, maana yake kila unapomwagilia unaongeza kile unachopigana nacho.

Ondoa yanayoudhuru

Kabla ya kuongeza chochote, ondoa. Acha kutia majivu ya jikoni, kwa sababu majivu hupandisha pH kama chokaa inavyofanya. Ni mazuri kwenye shamba la udongo mchachu, lakini hapa ni sumu ya polepole. Acha kumwaga maji ya sabuni shinani, na maji ya bahari yaliyooshewa samaki. Angalia kama mti uko chini ya ukuta uliopakwa chokaa, au mahali palipokorogewa saruji wakati wa ujenzi. Ukiwa umbali usiofika mita moja kutoka ukuta wa namna hiyo, uhamishe tu.

Mwani uliotupwa na bahari na usumba wa makumbi yaliyofukiwa ufukweni vina chumvi. Watu huvitumia kwa kuwa viko karibu na havina gharama. Usivitie mpaka viroweshwe kwenye maji matamu na kubadilishwa maji mara tatu, au vikae masika yote nje vikinyeshewa. Makumbi makavu ya nazi ambayo hayajafika baharini ni bora zaidi. Yachambue na uyaroweke siku mbili kabla ya kuyatumia.

Ujengee makao mapya

Kuna wanaoshauri kumwaga unga wa salfa ardhini ili kuua chokaa. Kwenye udongo usiotoa povu unafaa. Kwenye udongo wa maweni unapoteza fedha, kwani salfa huitafuna chokaa kidogo na mwamba ulio chini huachia nyingine, bila mwisho. Afadhali kuitenga mizizi na mwamba, na njia ni mbili.

Njia rahisi ni chombo. Pipa la plastiki lililokatwa nusu, lenye ujazo wa lita 40 au zaidi, linatosha kwa miaka kadhaa. Ndoo ya rangi ya lita 20 inafaa kwa kuanzia, ikiwa imesuguliwa ikatakata. Toboa matundu manane ya upana wa kidole chini, uyafunike kwa kipande cha wavu au kigae cha chungu, si kokoto. Usitumie chungu cha saruji, maana kitavuja chokaa ndani. Kiinue chombo juu ya vipande viwili vya mbao ili maji yatoke na mizizi isipenye kufuata mwamba.

Njia ya pili ni kitanda kilichoinuliwa. Chimba kwa mtaimbo shimo la sentimita 60 kila upande na kina cha 30 hadi 40, kadiri mwamba utakavyokubali, kisha inua kingo juu ya ardhi kwa sentimita 30 nyingine. Kingo ziwe za mbao au magogo ya mnazi. Kwetu ni desturi kuzungushia mawe meupe, yanapendeza kweli, lakini kila mvua huyaosha na kurudisha chokaa ndani. Ubavuni mwa shimo tandika viroba vya plastiki, na chini pabaki wazi ili maji yapite. Shimo la ukubwa huu, pamoja na sehemu iliyoinuliwa, litameza takriban ndoo kumi hadi kumi na mbili za lita 20.

Mchanganyiko kwa njia zote mbili ni ndoo mbili za kinongo kisichotoa povu, ndoo moja ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva, na ndoo moja ya makumbi yaliyochambuliwa au makapi ya mpunga. Samadi iliyoiva haina joto wala harufu ya zizini, na huvunjikavunjika mkononi kama udongo. Ikiwa mbichi itaunguza mizizi ambayo tayari ni dhaifu.

Uhamishe mti jioni, au siku ya mawingu. Umwagilie siku moja kabla. Chimba kuuzunguka kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30 kutoka shina, uung'oe na udongo wake, ukate kwa mkasi mkali mizizi iliyooza na ile inayojizungusha kama kamba. Usioshe mizizi yote ikabaki mitupu. Uupande kwa kina kile kile ulichokuwa nacho. Shina likifukiwa zaidi, gome huoza. Kisha umwagilie mpaka maji yatoke chini, na uujengee kivuli cha kuti upande wa jua la mchana kwa wiki mbili au tatu. Baada ya hapo kiondoe kidogo kidogo, kwa kuwa mti huu ukipona unataka jua la saa sita kwa siku au zaidi.

Wakati bora wa kazi hii ni mwanzoni mwa masika, Machi inapoelekea mwisho, au vuli inapoanza Oktoba. Katikati ya kaskazi, Januari na Februari, jua litaukausha kabla haujashika. Na kipupwe, Juni hadi Agosti, mti hukua polepole huku kusi likiuchapa.

Kata, lakini baada ya kuchipua

Walio wengi hukata siku ile ile ya kuhamisha. Tunaona ni kosa kwa mti uliodhoofika, kwa sababu majani yaliyosalia, hata yakiwa manjano, bado yanaulisha. Siku ya kuhamisha toa yaliyokufa tu. Subiri mpaka vichipukizi vya kwanza vionekane, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne, kisha kata matawi hai kwa theluthi moja, nusu sentimita juu ya kifundo chenye jicho. Mti mrefu ulio mtupu chini unaweza kukatwa mpaka kimo cha sentimita 40, lakini ufanye hivyo msimu unaofuata, baada ya kupata nguvu. Maua yakijitokeza mwaka huu, yafinye yote. Mti ukianza kuzaa vitunda vyake vyeusi huacha kutoa majani.

Kuupa chuma

Tiba ya haraka hupita kwenye majani. Koroga kijiko kimoja cha chai, takriban gramu 5, cha salfeti ya chuma katika lita moja ya maji ya mvua, utie matone mawili ya sabuni ya maji ili dawa ishike. Nyunyiza jioni, juu na chini ya majani, ukirudia kila baada ya siku kumi mpaka mara tatu. Ukinyunyiza mchana majani yataungua. Usirushie ukutani wala kwenye sakafu, maana doa la kutu halitoki. Na usichume ya mapishi mpaka vichipukizi vilivyotoka baada ya mnyunyizo wa mwisho vikomae.

Kuitia salfeti hiyo hiyo kwenye udongo wenye chokaa hakusaidii. Ndani ya siku chache itafungwa kama chuma kilichokuwamo. Cha kutia udongoni ni chuma kilichokingwa, na hapo soma pakiti kwa makini: tafuta herufi EDDHA. Kile chenye herufi EDTA ni cha bei nafuu, lakini kinga yake huvunjika pH ikipita 7, basi kwetu ni hasara. Kipimo cha mti wa kimo cha mita moja ni gramu 10 hadi 15 katika lita 10 za maji, mara moja mwanzoni mwa msimu wa kukua. Pakiti ikisema tofauti, fuata pakiti. Maji yake huwa mekundu kama damu, na usiyaogope, ndiyo rangi yake.

Majani yaliyokwisha kuwa meupe hayatarudi kuwa kijani kamili, kwani chuma hakihami kutoka jani hadi jani. Kipimo chako kiwe majani mapya. Yakitoka kijani ndani ya wiki tatu au nne, umefaulu.

Mbolea ya naitrojeni isubiri mpaka hapo. Iliyo bora ni salfeti ya amonia, ile inayojulikana madukani kwa jina la SA, kwa sababu huchachusha udongo kidogo. Vizibo viwili vya soda, takriban gramu 10, vitawanye sentimita 30 kutoka shina juu ya udongo uliolowa, kila baada ya wiki sita. Kwenye chombo tia kizibo kimoja ukingoni. Mbolea ya CAN usitie, ina chokaa ndani yake.

Maji

Maji ya mvua ndiyo dawa kubwa kuliko zote hizi, na masika huyatoa bure. Mfereji wa bati na pipa moja la lita 200, likihifadhiwa kwa mti huu peke yake, huondoa nusu ya matatizo. Masika yenyewe yanapoanguka, sogeza chombo chini ya mchirizi wa paa kwa saa moja hadi mbili. Maji mengi yakipita yataisomba chumvi iliyolundikana mwaka mzima. Yanahitajika maji ya ujazo wa mara mbili ya chombo.

Mti wa kwenye kitanda upe lita 10 kila baada ya siku tatu wakati wa kaskazi, na mara moja kwa wiki wakati wa kipupwe. Wa kwenye chombo cha lita 40 huhitaji karibu lita 3 kwa siku wakati wa joto kali. Lakini kidole ni kipimo bora kuliko hesabu: kichovye udongoni mpaka kiungo cha pili, na kikitoka na unyevu, ngoja kesho.

Kama huna budi kutumia maji ya chumvichumvi, mwagilia kwa nadra na kwa wingi, maji yapite chini. Kurashia kidogo kila siku hukauka juu na kuiacha chumvi pale pale kwenye mizizi. Wala yasiguse majani.

Tandaza majani makavu ya muembe au mkungu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Upande wa bahari simamisha ua wa makuti wa kimo cha mti, umbali wa mita moja, kabla kusi halijaanza. Siku za rasharasha kali, usuuze majani kwa maji matamu jioni.

Wageni wasiotakiwa

Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege akiwa mdogo, kisha akawa kijani mnene, ni mtoto wa kipepeo wa midimu. Ukimgusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Watatu tu humaliza mti mdogo kwa siku mbili. Mtoe kwa mkono asubuhi, usitafute dawa.

Majani yakinata na kuwa na weusi kama masizi, tafuta vidukari au wadudu gamba chini yake. Osha kwa maji ya nguvu, kisha nyunyiza kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, au kokwa za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita, zilizoloweshwa usiku kucha na kuchujwa. Rudia baada ya siku saba. Pia kuna mdudu mdogo wa kahawia, ukubwa wa punje ya ufuta, anayekaa kwenye vichipukizi akiwa ameinua makalio. Huyo huambukiza michungwa na midimu maradhi yasiyo na tiba, na mti huu ni miongoni mwa ile anayoipenda sana. Kata vichipukizi alivyojaa na uvichome, wala usimpe mtu otea kutoka mti huo mpaka usafike.

Kuchuma tena

Subiri mpaka mti uwe na vichipukizi kumi hadi kumi na mbili vyenye majani yaliyokomaa, kama miezi miwili au mitatu tangu kuhama. Chuma kikonyo kizima na vijani vyake, ukikivunja kwa kukivuta chini pale kinaposhikana na tawi. Ukichuna vijani kimoja kimoja, kikonyo kitupu hubaki kikikauka. Anza na vya chini, na usipite robo ya mti kwa mara moja katika mwaka wa kwanza.

Otea lenye mizizi yake likitokeza wakati wa vuli, litenganishe kwa jembe kali na ulipande kwenye ndoo ya pili. Weka ndoo hiyo upande mwingine wa nyumba, mbali na kusi.